Nyuzi za Kikorea juu ya biti: kwa nini zinagoma kukaa?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, natengeneza biti chumbani kwa kompyuta ya kawaida na hedifoni. Tangu mwaka jana naisikiliza sana albamu ya Lune Rouge ya TOKiMONSTA, ile inayosifiwa kwa kuchanganya elektroniki na hip hop, Ukorea na Magharibi. Kaka yangu ananicheka. Anasema huyo dada amekulia Marekani, nyimbo ni za Kiingereza, na Ukorea wenyewe ni jina la chakula kwenye wimbo mmoja. Mimi imenigusa hadi nimeanza albamu yangu ya aina hiyo. Nimepakua vipande vya gayageum, kile chombo cha nyuzi cha Kikorea, vilivyopigwa na wazee wa zamani, lakini kila nikiviweka juu ya ngoma vinasikika viko nje ya sauti na nje ya mapigo. Rafiki yangu prodyuza akaniambia nivipitishe kwenye Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti, kisha nivikate vikae kwenye gridi. Nimefanya hivyo. Sasa vinakaa, lakini vimekufa. Nakosea wapi? Na ni sawa mimi Mtanzania kugusa muziki huo? Vipande ni vya sekunde chache na muziki ni wa kale, kwa hiyo nadhani hakimiliki haina shida. Samahani kwa swali refu, naandika saa tisa usiku na masikio yanavuma."

Marahaba, mdogo wangu. Usiombe samahani, swali lako ni refu kwa sababu lina mambo mengi ya maana ndani yake. Na sentensi moja imenionyesha kwamba sikio unalo: "Sasa vinakaa, lakini vimekufa." Wengi wangeishia kwenye "vinakaa" wakafunga kompyuta. Wewe umesikia kuna kitu kimepotea, na kitu hicho kina jina na kina sababu. Tutafika huko. Kwanza nimjibu kaka yako, kwa sababu hoja yake na tatizo lako la ufundi vina mzizi mmoja.

Kaka yako ana haki kwenye taarifa. TOKiMONSTA, jina lake Jennifer Lee, ni mtoto wa wazazi wahamiaji kutoka Korea, amekulia Torrance, kusini mwa jiji la Los Angeles, na utotoni alifundishwa piano ya kiklasiki. Wageni aliowaalika kwenye Lune Rouge hawatoki Seoul: yumo Yuna wa Malaysia, Selah Sue wa Ubelgiji, marapa Isaiah Rashad na Joey Purp wa Marekani. Lakini anapotoka hapo na kusema Ukorea haumo, amepima utamaduni kwa pasipoti na kwa lugha ya mashairi. Baada ya sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 kufungua milango kwa watu wa Asia, Los Angeles ikawa makao ya jamii kubwa ya Wakorea. Mtoto aliyelelewa humo hahitaji kuagiza Ukorea kutoka nje kila anapowasha kompyuta. Anao tayari, pamoja na kila kitu kingine alichosikia mtaani.

Na hili la "Magharibi" nalo linahitaji kurekebishwa. Watu wakisema albamu kama hii imekutanisha Ukorea na Magharibi, wasomaji wetu wengi huwaza Ulaya, vinanda na makanisa makubwa. Upande wa pili hapa, karibu wote, ni Marekani ya watu weusi. Lee alijifunza kuonyesha biti zake kwenye mikusanyiko ya Project Blowed, Leimert Park, kitovu cha sanaa cha watu weusi kusini mwa Los Angeles. Akawa mtu wa Low End Theory, usiku wa kila wiki wa wapiga biti kwenye ukumbi wa The Airliner, na akawa mwanamke wa kwanza kusainiwa na Brainfeeder, lebo ya prodyuza Flying Lotus. Udongo wa mahali pale ni hip hop ya New York, house ya Chicago, tekno ya Detroit, na zaidi ya yote mkono wa prodyuza wa hip hop J Dilla, aliyefariki mwaka 2006 akiwa amewafundisha watu wa kizazi kile kwamba ngoma inaweza kuchelewa kidogo na bado ikawa sahihi. Shika hilo la kuchelewa, nitalihitaji baadaye.

Ujirani huo wa Wakorea na watu weusi haukuja bure. Mwaka 1991 rapa Ice Cube alitoa wimbo uliowatisha wenye maduka Wakorea. Mwaka uliofuata, polisi waliompiga Rodney King, dereva mweusi, walipoachiwa, jiji liliwaka moto na maduka mengi ya Wakorea yakateketea. Msichana wa Kikorea kuingia Leimert Park miaka ya baadaye, akipigisha biti zake mbele ya vijana weusi na kupewa heshima yake, ni jambo lenye uzito. Kwangu mimi hapo ndipo albamu hii inapoanzia, kabla hata ya noti ya kwanza.

Lune Rouge yenyewe ilitoka Oktoba 2017 kupitia lebo yake mwenyewe, Young Art. Mwishoni mwa 2015 aligundulika ana moyamoya, ugonjwa adimu unaobana mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Januari 2016 alifanyiwa upasuaji mara mbili. Kwa muda alipoteza uwezo wa kuongea na kuelewa maneno, na muziki ukamgeukia kelele. Albamu unayoipenda ni ya mtu aliyelazimika kusubiri hadi muziki uwe muziki tena kichwani mwake, na mwaka 2019 ikawa miongoni mwa zilizowania Grammy ya albamu bora ya dansi na elektroniki. Rudi sasa kwenye "Bibimbap", wimbo ambao kaka yako anaucheka. Sikiliza nyuzi zenye mlio wa gayageum zilivyopewa nafasi ya mbele, na ngoma zinavyotembea kwa kuzizunguka. Hakuna aliyezibana.

Hapo ndipo kosa lako lilipo.

Gayageum ya asili ina nyuzi 12 za hariri iliyosokotwa, zimelazwa juu ya ubao mrefu wa mti wa paulownia, kila uzi ukiinuliwa na kipandio chake kinachoweza kusogezwa. Mkono wa kulia hudonoa. Mkono wa kushoto hukaa upande wa pili wa vipandio na kazi yake ni kuubonyeza uzi, kuutetemesha, kuuvuta, kuuachia. Mpigaji akishadonoa, noti ndiyo kwanza inaanza kuishi, na Wakorea wana neno la kazi hiyo ya mkono wa kushoto: nonghyeon. Kama umewahi kumsikia mpiga kanuni mzuri kwenye taarabu ya Zanzibar, akiteleza katikati ya sauti ambazo piano haina, basi tayari unaujua ulimwengu ambao noti si nukta moja.

Sasa ingia ndani kidogo. Vipande vya wazee ulivyopakua nadhani ni vya sanjo, muziki wa chombo kimoja na ngoma ya janggu, ambao kuanzishwa kwake kwenye gayageum kunahusishwa na Kim Chang-jo mwishoni mwa karne ya 19. Sehemu kubwa ya sanjo hupigwa katika mtindo wa sauti uitwao gyemyeonjo, wenye asili ya kusini-magharibi mwa Korea, ule ambao ukiusikia unahisi mtu analia kwa heshima. Katika gyemyeonjo sauti kuu hazina hadhi sawa. Iliyo chini hutetemeshwa kwa upana. Ya katikati hushikwa imara bila kutikisika. Iliyo juu huanza ikiwa imepanda, kisha huvunjika na kushuka karibu nusu-toni, hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano. Hizo ni tabia za noti zenyewe, na mtu akiziondoa ameondoa lugha yote.

Je, Auto-Tune hufanya nini? Husikiliza kimo cha sauti, hutafuta nusu-toni iliyo karibu, kisha huivuta sauti hadi pale. Ile noti inayotetemeka kwa upana inapigwa pasi inyooke. Ile inayovunjika na kushuka inageuzwa ngazi mbili zenye kingo kali, kana kwamba mpigaji alidonoa mara mbili. Iliyonusurika ni ile ya katikati, ambayo haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Rafiki yako hakukudanganya, kifaa kimefanya kazi yake. Lakini kilitengenezwa kikiamini sauti iliyo kati ya noti mbili ni kosa, na sanjo inaishi hapohapo katikati.

Dawa ni kugeuza mwelekeo: vyombo vyako ndivyo vitakavyoifuata gayageum. Tafuta ndani ya kipande ile sauti iliyotulia, ya katikati, uirudierudie peke yake. Ipime kwa tyuna na usome imepishana na piano kwa senti ngapi. Nusu-toni moja ina senti 100, na usishangae ukikuta kipande kiko senti 30 au 40 pembeni. Mpigaji wa sanjo hutyuni nyuzi zake kwa sikio, kwa kimo kinachomfaa yeye na chombo chake siku hiyo. Na kama rekodi imetoka kwenye sahani za zamani za gramafoni, sahani zile hazikuzunguka kwa kasi moja, kwa hiyo hata kimo tunachokisikia leo huenda si kile kilichopigwa. Ukishapata namba, sogeza sinti (sintesaiza) zako, besi yako na hata ile ngoma ya chini yenye mlio mrefu, ya mashine ya 808, kwa senti hizohizo. Karibu kila programu ya muziki ina mahali pa kufanya hivyo. Utashangaa: kitu ulichoamini kimetoka nje ya sauti kitatulia bila kuguswa.

Kabla hujashangilia, tazama kordi zako. Naweza kukisia umeweka kordi nne zinazozunguka, za huzuni, kama biti nyingi za siku hizi. Sanjo haikutungwa juu ya kordi. Sauti tatu za kila kordi zinaigombania nafasi ileile ambayo noti inayovunjika inapitia, na kila ikishuka inagongana na piano yako. Jaribu kuondoa kordi zote na kubaki na besi moja iliyoshikwa, labda na noti ya tano kutoka hapo juu yake. Achana kabisa na ile sauti ya kati ya kordi, inayoamua kama kordi ni ya furaha au ya huzuni. Gayageum itaamua yenyewe. Wengi huogopa utupu huo. Mimi nakushauri ukae nao siku chache kabla ya kuujaza.

Kuhusu mapigo, hapa pana utamu wa pekee. Sanjo hupangwa kwa mizunguko ya ngoma iitwayo jangdan, ikianza polepole sana na kuongeza kasi hadi mwisho. Jinyangjo, ya kwanza, ina mapigo sita ya taratibu ambayo kila moja hugawanyika matatu. Jungmori ina mapigo 12. Jungjungmori na jajinmori zina mapigo makubwa manne, kila moja likiwa na madogo matatu ndani yake, jumla 12. Hwimori hukimbia. Gridi yako kwenye kompyuta imegawanya kila pigo katika manne. Ukivikata vipande vya matatu-matatu na kuvilazimisha vikae kwenye manne-manne, umebadilisha mwendo wa mpigaji kutoka kutembea hadi kuchechemea. Geuza gridi iwe ya matatu. Mapigo makubwa manne yanabaki kuwa manne, kichwa cha msikilizaji wa hip hop kinaendelea kutikisika palepale, na matoazi yako ya trapu, ambayo tayari yanapenda kupiga matatu-matatu, yatajikuta nyumbani. Wewe uliyekulia kwenye ngoma za harusini hutakuwa mgeni hapo.

Kuna kisa kimoja zaidi, ambacho nadhani ndicho kimekusumbua bila wewe kujua. Kwenye jungjungmori, ngoma ya janggu huweka mkazo wake mkubwa kwenye pigo dogo la tisa kati ya 12. Hip hop hupiga sneya, ile ngoma ya mlio mkali, kwenye pigo kubwa la pili na la nne, yaani dogo la nne na la kumi. Tazama hesabu hiyo: mkazo wa Mkorea unaanguka hatua moja tu kabla ya sneya yako ya pili. Masikioni inakuwa kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja. Chagua nani apite. Unaweza kuifuta sneya ya pili, au kuirudisha nyuma hadi kwenye tisa, au kuipunguza iwe kivuli. Mimi ningeijaribu kwenye tisa kwanza. Biti itaonekana imejikwaa mara moja, kisha mwili utaielewa.

Tena usiamini kwamba mwendo wa rekodi ni mmoja mwanzo hadi mwisho. Mpigaji anasogea mbele na nyuma, ndivyo muziki ulivyo. Badala ya kukata nyuzi zifuate kasi ya programu, ichoree programu ramani ya kasi inayomfuata mpigaji, kisha weka ngoma zako kwa mkono, kwa vidole, bila kuzinyoosha. Hapa ndipo lile somo la J Dilla la kuchelewa linapokutana na sanjo. Watu wa Los Angeles walishazoea ngoma isiyonyooka, na kwa mtazamo wangu ndiyo sababu nyuzi za Kikorea zilipata makazi kwenye muziki wao kirahisi kuliko zingepata kwenye dansi iliyopigwa rula.

La mwisho la ufundi, fupi. Kama umetumia ule ujanja wa kuvifanya vyombo vyote vinywee kila ngoma ya chini inapopiga, uondoe kwenye gayageum au uupunguze sana. Mlio wa hariri hufa haraka, na mtetemo wa mkono wa kushoto unatokea kwenye mkia wa noti, baada ya kudonoa. Ngoma ikija na kuukandamiza mkia huo, umebakiwa na mdonoo mtupu. Ndiyo sehemu ya pili ya "vimekufa."

Nisikufanye uamini kwamba njia ni moja. Mwaka 2020 Suga wa BTS, kwa jina lake la Agust D, alitoa "Daechwita", akauchukua muziki wa gwaride la kijeshi na la kifalme wa Korea, wenye zumari kali na matoazi makubwa, na kuuweka juu ya trapu nzito. Pale Ukorea uko mbele, umevaa mavazi yake yote, nao umekatwa na kurudiwarudiwa waziwazi. Inafanya kazi, kwa sababu muziki wa gwaride una nguvu ya pigo na hauna ule udhaifu mtamu wa mkia wa noti. Yaeji, mzaliwa wa New York mwenye asili ya Korea, alitoa What We Drew mwaka huohuo, na humo hakuhitaji hata chombo kimoja cha asili: anaimba na kunong'ona kwa Kikorea na Kiingereza juu ya house, na lugha yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya ngoma ndogo. Kwa hiyo kukata si dhambi. Jiulize kwanza uhai wa kipande chako uko wapi, kisha kata mahali ambapo huukati.

Wewe una njia tatu. Ya kwanza ni hizo rekodi za wazee: zina roho kuliko zote, zina ugumu wote niliousema, na zina mtego wa kisheria. Ya pili ni gayageum za kisasa za nyuzi 25, ambazo hutyuniwa kwa ngazi ya sauti saba kama piano, na maktaba za sauti zinazouzwa au kutolewa kwa leseni. Zitakaa na kordi zako leo hii, lakini utapoteza sehemu ya kilio kilichokuvuta. Ya tatu ni mpigaji aliye hai. Mtumie biti yenye besi moja na ngoma chache, mlipe, mwambie apige anavyoona. Kwa pesa yako ndogo najua hili linatisha, ila wimbo mmoja wa namna hii kwenye albamu utakufundisha kuliko miezi ya kukatakata. Kama nina upendeleo, ni huo.

Sasa hakimiliki, na hapa nakupinga waziwazi. Hakuna kanuni ya "sekunde chache ni bure." Mwaka 2005 mahakama ya rufaa moja ya Marekani iliamua, katika kesi ya kipande cha gitaa cha sekunde mbili, kwamba ukitaka kutumia sampuli ya rekodi ni lazima uwe na leseni. Mahakama nyingine ya rufaa ya hukohuko ilitofautiana nayo mwaka 2016 katika kesi ya wimbo wa Madonna, kwa hiyo wenyewe hawajakubaliana. Mtu wa kubahatisha kati ya mahakama mbili asiwe wewe. Na "muziki ni wa kale" ni hoja inayochanganya vitu viwili: utunzi na rekodi. Sanjo inaweza kuwa na asili ya karne ya 19, lakini mtu aliyeipiga mbele ya maikrofoni, na aliyeirekodi, wana haki zao juu ya rekodi ile. Hata ukale wenyewe hudanganya. Hwang Byungki, aliyefariki mwaka 2018, alitunga kazi mpya za gayageum kama "Chimhyangmu" ya mwaka 1974, ambayo masikio yasiyozoea yataapa ni ya karne nyingi zilizopita. Hakikisha hukupakua yake.

Ukiwa bado unajifunza chumbani, endelea kufanya majaribio bila hofu. Siku unayotaka kuachia hadharani, simama kwanza. Andika kila kipande kimetoka wapi, kimepigwa na nani, nani alirekodi. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ana kwa ana na orodha hiyo, au kwa mwanasheria wa hakimiliki, kabla ya kulipia usambazaji. Sheria yetu ni ya mwaka 1999 na inalinda rekodi pia. Mimi ni mtu wa sauti, siwezi kukupa ruhusa ambayo si yangu. Kipande usichojua mmiliki wake ni nani, kitoe.

Na kuhusu wewe Mtanzania kugusa muziki huu: gusa, mdogo wangu. Lee hakuomba kibali cha kuzaliwa ili apige hip hop, aliingia Leimert Park akasikiliza, akajifunza, akapima kazi yake mbele ya wenyewe. Fanya vivyo hivyo. Sikiliza sanjo nzima, dakika zote, kabla hujakata sekunde nne. Itaje shule ya mpigaji, yaani mtindo aliorithi kwa walimu wake, kwenye maelezo ya wimbo, mpe jina lake, na kama utampata Mkorea anayejua chombo hicho, msikilizishe biti kabla ya dunia. Akikunja uso, muulize ni sekunde ya ngapi.

Nimebakisha masikio yako, na hili usilipuuze. Kuvuma baada ya saa nyingi za hedifoni kunamaanisha vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vimechoshwa, na vikifa havioti tena. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi 90, zinabaki saa nne tu kwa wiki nzima. Zaidi ya hayo, sikio lililochoka linadanganya: saa tisa usiku huwezi kujua kama uzi uko nje kwa senti 20 au ni uchovu, kwa hiyo maamuzi yote ya kutyuni niliyokueleza yafanye asubuhi, kwa sauti ya chini, ukitumia spika ikiwezekana. Pumzisha masikio sasa hivi kwa siku mbili. Yakiendelea kuvuma baada ya hapo, nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo akakupime. Na ikiwa mvumo uko sikio moja tu, au unadunda kwa kufuata moyo, au siku moja umeamka sikio moja halisikii, usisubiri hata hizo siku mbili. Nenda siku hiyohiyo, kwa sababu upotevu wa ghafla wa kusikia hutibika vizuri zaidi ukiwahiwa.